Siku ya Tatu Ndiyo Yenyewe: Kutuliza Misuli Baada ya Kuanza Mazoezi

Jumatano asubuhi nilishuka ngazi za shule kinyumenyume. Nafundisha hisabati, darasa langu liko ghorofa ya pili, na nina miaka 46. Wanafunzi wawili waliokuwa wakipanda walinipisha kwa heshima, wakajizuia mpaka nilipofika chini, ndipo nikasikia kicheko. Siwalaumu. Mtu mzima na tai yake, ameng'ang'ania reli kwa mikono miwili, anatanguliza visigino kama mtoto anayejifunza kushuka kitandani! Hata mimi ningecheka.

Mazoezi yenyewe niliyafanya Jumatatu jioni. Daktari alikuwa amenipima presha, akatazama namba, akatazama tumbo langu, akasema maneno machache. Nina mpwa ambaye kazi yake ni kufundisha mazoezi ya viungo. Akaniandikia ratiba fupi: kuchuchumaa na kuinuka mara 20, kupumzika, kurudia mpaka raundi tatu, pushapu za kuegemea ukuta raundi mbili, basi. Niliona kanidharau, nikachuchumaa raundi tano. Usiku ule nililala najiona kijana, hakuna hata panaponiwasha.

Jumanne mapaja yakawa mazito kama nimevaa suruali iliyoloa. Jumatano hata kukaa chooni kulihitaji mipango. Nikampigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ile ratiba yako imenimaliza."

"Ulipiga raundi ngapi?"

"Tatu."

"Mjomba..."

"Tano."

Baada ya kucheka vya kutosha akanieleza mambo ambayo ningeyajua mapema nisingeaibika kwenye ngazi. Hayo, pamoja na niliyoyasoma na kuyajaribu mwilini mwangu tangu siku ile, ndiyo ninayoandika hapa.

Kinachouma ni nini

Maumivu haya yana ratiba yake. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya mazoezi, hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, halafu hupungua yenyewe, na kwa watu wengi huwa yamekwisha ndani ya siku tano hadi saba. Mimi, kwa ugonjwa wangu wa namba, niliyapa alama kutoka 0 hadi 10 kwenye daftari: Jumanne 4, Jumatano 8, Alhamisi 6, Ijumaa 3, Jumamosi 1. Nakushauri nawe uandike. Ukiona mstari umeanza kushuka, hofu nayo inashuka, na wiki ijayo utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Wengi tumeambiwa, na mimi nimewahi kumwambia mwenzangu kwa kujiamini kabisa, kwamba ni asidi ya laktiki iliyobaki kwenye misuli. Siyo. Ukishapumzika, laktiki huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi. Haiwezi kukaa inakungoja mpaka Jumatano. Mwaka 1902 mwanafiziolojia wa Marekani, Theodore Hough, alikwisha kutenganisha maumivu ya uchovu wa papo hapo na haya yanayochelewa, akayahusisha haya na kuchanika kidogo ndani ya msuli. Zaidi ya karne imepita na hadithi ya asidi bado inatembea.

Lililonifungua macho ni hili: kilichoniumiza zaidi ni kushuka, wala si kuinuka. Unapojishusha kuchuchumaa, misuli ya mbele ya paja inarefuka huku imekaza, inashika breki ili usidondoke. Kazi hiyo ya breki hufanywa na nyuzi chache za msuli kuliko kazi ya kuinua mzigo uleule, kwa hiyo kila uzi unabebeshwa zaidi, na zile ambazo hazijazoea huchanika kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mwili hupeleka mafundi wake pale, majimaji yanajaa kidogo, neva zinakuwa na hasira za karibu. Ndiyo maana ukitulia huumwi, ila ukiguswa tu unaruka. Na ndiyo maana mtu aliyekimbia mteremko huamka na maumivu makali kuliko aliyepanda mlima, ijapokuwa aliyepanda ndiye aliyekuwa anahema.

Kuipita siku mbaya

Kabla ya dawa yoyote, jifunze kuishi ndani ya nyumba bila kuanguka, maana misuli iliyo katika hali hii imepungukiwa na nguvu kweli. Si kwamba unadeka.

Ngazi: shika reli, simama kiubavu, shusha mguu mmoja, ulete wa pili kwenye kidato hichohicho. Mguu unaotangulia kwenda chini hauna kazi kubwa. Anayefanya breki ni yule aliyebaki juu. Kwa hiyo, kama upande mmoja unauma zaidi, huo ndio utangulie. Wakati wa kupanda ni kinyume chake, mguu wenye afadhali ndio utangulie. Kushuka kinyumenyume kama nilivyofanya kulinipa nafuu, lakini huoni unakokanyaga, na mimi nilikuwa na reli ya chuma. Sikupendekezei.

Kiti na choo: sogea mpaka nyuma ya miguu iguse kiti, inama mbele kutoka kiunoni, shika kitu kisichosogea, ndipo ujishushe kwa mikono. Kutoka kitandani: geuka ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Usiku weka mto chini ya magoti.

Sasa dawa ya kwanza, ambayo najua huitaki: tembea. Jumatano jioni nilijikokota nje nikatembea dakika 15 kwenye ardhi tambarare. Dakika tano za mwanzo nilikuwa bata kamili. Kufika ya kumi miguu ikaanza kuachia, nikajikuta natembea kama binadamu. Nilipokaa kula, baada ya saa moja ikakaza tena, nikadhani nimejiumiza. Sikuwa nimejiumiza. Mwendo mwepesi hupunguza maumivu kwa muda tu. Usitarajie ufupishe siku. Lakini saa moja ya nafuu mara tatu kwa siku, kwa mtu mwenye vipindi sita vya kufundisha, si haba.

Kipimo ni kwamba uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Dakika 10 hadi 20 zinatosha. Baiskeli ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kukanyaga pedali hakuna breki ya kushuka ndani yake. Kutembea ndani ya maji nako ni hivyohivyo. Epuka milima, hasa upande wa kuteremka. Na kama kazi yako ni ya kukaa, inuka kila baada ya dakika 40 hata kama ni kuzunguka meza. Ukikaa saa tatu mfululizo, kuinuka kwake utakusimulia mwenyewe.

Joto, baridi, mikono

Mimi ni mtu wa joto. Taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, juu ya mapaja, dakika 15 hadi 20, jioni kabla ya kulala. Lijaribu kwanza kwa sehemu ya ndani ya mkono, maana ngozi inaungua wakati wewe unafurahia. Joto halikarabati nyuzi, lakini linalegeza, na mtu aliyelegea analala.

Mpwa wangu ni mtu wa baridi. Yeye hukaa kwenye beseni la maji ya nyuzijoto 10 hadi 15 kwa dakika 10 au 15, anatoka midomo inatetemeka, anasema amepona. Tafiti zinampa haki kiasi: maji baridi baada ya mazoezi hupunguza maumivu ya siku zinazofuata kwa baadhi ya watu. Ila yana mambo mawili. La kwanza, mshtuko wa baridi hupandisha presha ghafla na kuusumbua moyo, kwa hiyo mwenye presha kama mimi, au mwenye moyo mgonjwa, aachane nayo mpaka azungumze na daktari. La pili, kama unabeba vyuma ili misuli ikue, kuzamia maji baridi kila baada ya zoezi kunaweza kupunguza ukuaji huohuo unaoutafuta. Ukitumia barafu kwa sehemu ndogo, izungushie kitambaa, isizidi dakika 20.

Kukandwa kunasaidia, na katika yote niliyojaribu ndiko kulikonipa nafuu iliyodumu zaidi ya saa mbili. Lakini lazima kuwe kwa upole. Mke wangu alianza kunikanda kama anakanda unga, nikapiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Tumia mafuta, kiganja chote, kandamiza kwa kupanda kutoka gotini kuelekea nyonga, na maumivu yasipite 4 kwenye ile hesabu yangu ya 10. Usichimbe kwa kidole gumba palipo pagumu ukidhani ni fundo la kufunguliwa. Kama huna wa kukukanda, chupa ya maji iliyojaa, ukiizungusha juu ya paja umekaa, inafanya kazi nzuri.

Kunyoosha misuli ndiko kunakosifiwa kuliko kunavyostahili. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta kwamba kunyoosha, kuwe kabla au baada ya mazoezi, kunapunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo mno. Mimi bado najinyoosha taratibu kwa sababu kunapendeza. Kuvuta kwa nguvu msuli ambao tayari umechanika ndiko nisikokuelewa.

Vidonge

Hapa nilikaribia kukosea. Nilikwenda duka la dawa kutaka ibuprofeni, aliyeniuzia akaniuliza, "Unatumia dawa gani nyingine?" Nikamtajia za presha. Akairudisha rafuni. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao huweza kupandisha presha, huwasha tumbo, na zikikutana na baadhi ya dawa za presha, na mwili ukiwa umepungukiwa maji, zinaumiza figo. Nilipewa parasetamoli. Kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au anayekunywa pombe nyingi aulize kwanza kiwango chake.

Hata kama afya yako haina dosari, kidonge kiwe cha kukupatia usingizi usiku wa siku mbaya. Kisiwe cha kukufungulia njia ya kufanya tena zoezi lilelile kesho yake. Ukiziba mdomo wa msuli hutasikia ukikuambia acha.

Kuhusu chakula sina mengi. Kula protini kwenye kila mlo badala ya kuirundika usiku, mayai, maharage, samaki, chochote ulicho nacho, kunywa maji mpaka mkojo uwe na rangi hafifu, lala. Poda za kukoroga na vitamini za dozi kubwa zinazouzwa kwa ajili ya maumivu haya, mimi nisingezinunua.

Pale ambapo si maumivu ya kawaida

Maumivu ya kawaida ni ya pande zote mbili, yameenea kwenye nyama ya msuli, yalichelewa kuja, na yanapungua ukitembea. Yakikosa sifa hizo, jiulize. Maumivu ya kuchoma yaliyoanza palepale katikati ya zoezi, hasa kama ulisikia kitu kimekatika, maumivu ndani ya kiungo chenyewe, goti au bega, uvimbe au wekundu wa shavu la mguu mmoja tu, ganzi, homa, au maumivu yaliyopita siku saba bila kupungua: hayo ni ya kupeleka kwa daktari. Shavu la mguu mmoja lililovimba linaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na hiyo haikandwi wala haingojwi. Kifua kikibana, usisubiri hata dakika.

Kuna moja ambalo kila anayeanza mazoezi anapaswa kulijua, na mimi niliambiwa baada ya raundi zangu tano. Linaitwa rabdomiolisisi. Nyuzi za msuli zikivunjika kwa wingi, humwaga kwenye damu protini iitwayo mayoglobini, na hiyo huelemea figo. Madaktari wa London waliueleza mkasa wa aina hiyo mwaka 1941 kwa watu waliofukuliwa kutoka kwenye vifusi vya mabomu: walitolewa wazima, miguu imebanwa na vifusi kwa saa nyingi, na siku chache baadaye figo zikagoma. Leo huwapata pia watu waliokuwa hawafanyi chochote, wakaingia siku moja na kufanya mamia ya marudio kwa kushindana au kuona aibu kuacha. Dalili ni msuli kuvimba na kuwa mgumu, udhaifu wa kushindwa kunyoosha au kukunja kiungo, maumivu yanayopita kiasi, na mkojo wenye rangi ya kola au ya chai nzito isiyo na maziwa. Mkojo ukiwa hivyo, nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme umetoka kufanya mazoezi mageni. Usikae nyumbani unakunywa maji ukisubiri. Nakiri kwamba Jumatano ile, baada ya mpwa kunieleza, nilikwenda kuangalia mara tatu.

Zoezi la pili, ndipo wengi wanapoharibu

Watu ni wa aina mbili. Wa kwanza anapumzika wiki mbili mpaka asisikie chochote, kisha anaanza upya na raundi tano zilezile. Wa pili anarudi Jumatano na maumivu ya 8, kwa sababu kuna mtu alimwambia kwamba bila maumivu hakuna faida. Maumivu si alama ya mtihani. Unaweza kufanya zoezi zuri kabisa usiumwe kitu, na unaweza kuumwa wiki nzima kwa zoezi la kipuuzi. Mimi ni ushahidi wa hili la pili.

Mwili una tabia moja ya ajabu hapa. Ukishaupitisha kwenye kazi ya breki mara moja, hata kwa kiasi kidogo, unajikinga: mara inayofuata kazi ileile inauma kidogo sana, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Huhitaji kuumia sana ili kuipata. Dozi ndogo inaijenga pia. Laiti ningeridhika na raundi mbili Jumatatu ile, wanafunzi wangekosa kicheko chao.

Hivi ndivyo nilivyorudi. Nilisubiri mpaka daftari lionyeshe 3 au chini yake, ikawa Ijumaa, na nikaacha mapaja yapumzike siku nyingine moja. Kanuni yangu ni angalau saa 48 kati ya kazi mbili za misuli ileile, na zaidi kama namba bado iko juu. Katikati unaweza kufanya mikono, au kutembea tu. Jumamosi nikapasha mwili moto kwa kutembea dakika tano, nikachuchumaa nusu ya zile za mwanzo, yaani 50 badala ya 100, kwa mafungu ya 10. Tena sikuchuchumaa mpaka chini: niliweka kiti nyuma yangu, nikajishusha mpaka makalio yaguse, nikainuka. Kiti kinafupisha safari ya kushuka, na safari hiyo ndiyo yenye gharama. Wale wanaobeba vyuma wanaweza kufanya hivyohivyo kwa kupunguza uzito na kutoshusha chuma kwa mwendo wa kinyonga wiki za mwanzo. Kushusha polepole sana kuna nafasi yake, ila ni baadaye.

Namba zilizofuata zilikuwa Jumapili 2, Jumatatu 3, Jumanne 1. Wiki ya tatu nilifanya 60, kama mpwa alivyoandika tangu mwanzo, sikupita 1. Nikaendelea kuongeza kidogokidogo, kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama marudio, ama kina, ama siku. Ukiongeza vyote wiki moja hutajua kilichokuumiza ni kipi, na mwalimu wa hisabati hawezi kuvumilia mlinganyo wenye herufi tatu zisizojulikana.

Kinga hiyo, hata hivyo, ni ya misuli iliyofanya kazi tu. Jana nilijaribu zoezi jipya, kusimama ukingoni mwa kidato kwa vidole na kushusha visigino taratibu, mara 30. Leo ni saa 20 tangu nimalize na mashavu ya miguu nimeyapa 3, yaani bado hayajafika kileleni. Kesho nina kipindi cha kwanza kulekule ghorofa ya pili. Nimeshamwomba mwalimu wa jiografia tubadilishane chumba, ananiuliza sababu.